Kipakatalishi kinapokataa kuitambua monita ya nje

Kwa Muhtasari
- Adapta nyingi hupitisha picha upande mmoja pekee, na umbo la tundu si ithibati kwamba picha inaweza kupita humo
- Mashine huijua monita kwa kusoma maelezo yake kupitia nyaya nyembamba zilizo ndani ya kebo. Nyaya hizo zikikatika, mashine haina habari kwamba monita ipo
- Uchunguzi uanze kwa umeme na kebo, ufuate adapta na tundu, kisha mipangilio. Fundi awe wa mwisho

TATIZO la kipakatalishi kukosa kuitambua monita, projekta au runinga iliyounganishwa nacho kupitia adapta limekuwa la kawaida maofisini, madarasani na hata katika maabadi, tangu kampuni zinazounda mashine hizo zianze kuyaondoa matundu ya zamani na kumwachia mnunuzi jukumu la kutafuta adapta.

Aghalabu dalili huwa ni moja. Kila kitu kimeunganishwa na taa zinawaka, lakini skrini ya nje inasalia nyeusi au inaonyesha maneno "No Signal", yaani hakuna picha inayoifikia.

Athari zake si ndogo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kupoteza nusu ya muda aliotengewa kutetea tasnifu yake. Karani aliyezoea kuweka hesabu katika skrini moja na stakabadhi katika nyingine hulazimika kuibana kazi yote mahali pamoja. Kibaya zaidi, wapo wanaoshawishika kugharimia ukarabati wa ubao mkuu wa mashine, au kununua kipakatalishi kingine, ilhali kilichohitajika ni adapta ya aina tofauti.

Mara nyingi mashine huwa nzima. Kasoro huwa katika mojawapo ya sehemu nne: umeme na kebo, adapta yenyewe, uwezo wa tundu lililotumiwa, au mipangilio ya programu. Anayezipitia kwa utaratibu huo aghalabu hupata jibu bila kufungua hata parafujo moja.

Matundu ya vizazi tofauti

Tundu la VGA, lenye pini 15 katika safu tatu, lilianzishwa na kampuni ya IBM mnamo 1987. Hupitisha picha kwa mfumo wa analogia, ule ule uliotumiwa na monita nzito za vioo zilizotangulia hizi nyembamba za leo.

Lilifuatwa na DVI mnamo 1999, kisha HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa Desemba 2002. HDMI ndiyo iliyoenea zaidi kwa kuwa hupitisha picha na sauti kwa pamoja kupitia kebo moja, na ndiyo inayopatikana katika runinga nyingi za kisasa. DisplayPort ilizinduliwa mnamo 2006. Tundu dogo la USB-C, ambalo kichwa cha kebo yake huingia kwa upande wowote, lilikamilishiwa kanuni zake mnamo 2014.

Mnamo Desemba 2010, kampuni za Intel na AMD, pamoja na waundaji kadhaa wa kompyuta na monita, zilitangaza kwamba zingeachana na VGA kufikia 2015. Vipakatalishi vilitii, lakini projekta zilizoning'inizwa kwenye dari za madarasa na kumbi za mikutano hazikung'olewa. Vilevile, monita zilizotumika ng'ambo na kuuzwa tena humu nchini nyingi zina tundu hilo la zamani.

Hivyo basi, mashine ya juzi hulazimika kuzungumza na skrini ya zamani, na mkalimani wao ni adapta. Mkalimani asiyejua mojawapo ya lugha hizo hawezi kuwapatanisha.

Jinsi mashine inavyoijua monita

Kuunganisha kebo hakutoshi kuifanya skrini iwake. Kuna mazungumzo mafupi yanayotangulia picha, na hapo ndipo mengi huharibika.

Katika HDMI, kipakatalishi hutoa umeme mdogo wa volti 5 kupitia pini ya 18. Monita hujibu kupitia pini ya 19, kana kwamba inabisha hodi ili mashine ijue kuna mgeni. Kisha mashine huomba maelezo ya monita hiyo kupitia nyaya mbili zinazotumika kwa kazi hiyo.

Maelezo hayo huitwa EDID, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Humo mna jina la muundaji, mwaka wa kuundwa na vipimo vya picha ambavyo monita inaweza kuonyesha. Mashine ikishayasoma, huchagua kipimo kifaacho na kuanza kutuma picha.

Iwapo waya mmoja kati ya hizo umekatika, pini imepinda, au adapta haipitishi maelezo hayo, kipakatalishi huenda kisijue kamwe kwamba kuna monita. Wakati mwingine hutambua kwamba kuna kitu lakini, kwa kukosa maelezo, hutuma picha ya kipimo cha chini isiyopendeza.

Ndiyo maana swali la kwanza la uchunguzi si kama picha inaonekana, bali kama mashine inaiona monita. Katika Windows, mtumiaji afungue mipangilio kisha aingie sehemu ya "Display". Iwapo kuna visanduku viwili vilivyopewa nambari 1 na 2, monita imetambuliwa na kasoro iko katika mipangilio au katika kipimo cha picha. Iwapo sehemu hiyo inaonyesha skrini ya kipakatalishi peke yake, kasoro iko njiani: katika kebo, adapta, tundu au kiendeshi.

Adapta haziko sawa

Wanunuzi wengi huichukulia adapta kama kipande cha kebo chenye kichwa tofauti kila upande. Hilo ni kweli kwa baadhi tu.

Kundi la kwanza ni la adapta sahili, ambazo huunganisha tu waya kwa waya. Hufanya kazi pale ambapo pande zote mbili zinatumia lugha moja. Mathalani, matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yana uwezo wa kutoa ishara za HDMI, hivyo adapta sahili kutoka DisplayPort hadi HDMI hutosha. Tundu lenye uwezo huo aghalabu huwekwa alama ya DP yenye misalaba miwili ya kujumlisha.

Kundi la pili ni la adapta zenye chipu ya kutafsiri. Adapta ya kutoka HDMI hadi VGA ni lazima iwe ya kundi hili, kwa sababu inageuza ishara za dijitali kuwa za analogia. Chipu hiyo inahitaji umeme, na huupata kutoka kwa zile volti 5 za HDMI. Kanuni zinaitaka mashine itoe angalau miliampea 55 tu, kiwango ambacho huenda kisitoshe. Hii ndiyo sababu baadhi ya adapta huuzwa zikiwa na mkia wa USB wa kuongezea umeme. Mkia huo usipochomekwa, picha hukosekana au hukatikakatika.

Kundi la tatu ni la adapta zinazochomekwa kwenye tundu la kawaida la USB, lile pana la mstatili. Tundu hilo halitoi picha. Adapta za aina hii, zikiwemo zinazotumia teknolojia ya DisplayLink, hutegemea programu inayoichora picha, kuibana na kuituma kama data. Programu isipowekwa, adapta ni pambo tu. Katika kompyuta za ofisi zilizofungwa, mtumiaji huenda akahitaji idhini ya idara ya teknolojia ili kuiweka.

Lililo muhimu kuliko yote ni upande. Adapta nyingi zilizo na chipu hupitisha picha upande mmoja pekee. Inayotoka HDMI ya mashine hadi VGA ya monita haiwezi kugeuzwa ili itoke VGA ya mashine nzee hadi HDMI ya runinga, hata kama vichwa vyake vinaingia. Hali ni hiyo hiyo kwa DisplayPort hadi HDMI. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe maandishi ya kwenye pakiti yanataja kwanza tundu la kipakatalishi, kisha la monita.

Mtego wa USB-C

Hakuna tundu lililowapotosha watumiaji kama USB-C. Umbo ni moja lakini uwezo ni tofauti. Kuna matundu yanayopitisha data, umeme na picha. Mengine hupitisha data na umeme. Na mengine, hasa katika vipakatalishi vya bei nafuu, ni ya data pekee.

Alama zilizochorwa kando ya tundu husaidia. Herufi D na P zilizounganishwa huashiria kwamba picha inapita. Mshale wenye umbo la radi huashiria Thunderbolt, ambayo pia hupitisha picha. Alama ya betri huhusu uchaji. Kwa kuwa si kila muundaji huweka alama hizo, njia ya hakika ni kusoma maelezo ya modeli husika katika tovuti ya kampuni iliyoiunda. Maneno ya kutafutwa hapo ni "DisplayPort" au "Thunderbolt" katika orodha ya uwezo wa tundu hilo.

Iwapo tundu halina uwezo huo, hakuna adapta ya kawaida ya USB-C hadi HDMI itakayofanya kazi, iwe ya bei ya chini au ya juu. Mtumiaji atumie tundu la HDMI la mashine, kama lipo, au anunue adapta ya kundi la tatu.

Kebo nazo zina udanganyifu wake. Kebo nyingi za USB-C zinazouzwa pamoja na chaja za simu zina nyaya za umeme na za data ya kasi ya chini tu. Zinachaji vyema kabisa, lakini haziwezi kubeba picha hadi kwenye monita yenye tundu la USB-C.

Watumiaji wa vipakatalishi vya Apple wana jambo la ziada la kujua. Mashine za MacBook Air zilizo na chipu ya M1 ya mwaka 2020, na zile za M2 za mwaka 2022, zinakubali monita moja tu ya nje kwa njia ya kawaida. Anayechomeka ya pili kupitia adapta ya matundu mengi asiilaumu adapta. Huo ni mpaka uliowekwa katika chipu yenyewe.

Hatua za kufuatwa

Kanuni kuu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kebo, adapta na mipangilio kwa pamoja hatajua kilichomponya, na kesho tatizo likirejea atakuwa pale pale alipoanzia.

Kwanza, umeme na chanzo cha picha. Monita ithibitishwe kuwa inawaka, kisha kitufe chake cha "Input" au "Source" kibonyezwe hadi kitaje tundu lililotumika. Projekta iliyowekwa kusoma HDMI haitaonyesha kitu kinachoingia kupitia VGA. Runinga yenye matundu matatu ya HDMI nayo huhitaji nambari sahihi.

Pili, viungio. Kebo ichomolewe pande zote, ikaguliwe na kurudishwa kwa uthabiti. Kichwa cha VGA kifungwe kwa parafujo zake. Pini zilizopinda zinyooshwe polepole. Baadhi ya kebo za VGA hazina pini ya tisa tangu kiwandani, hivyo pengo hilo lisimtishe mtu. Pini za 12 na 15 ndizo zinazobeba maelezo ya monita, na zikivunjika mashine huona giza.

Tatu, jaribio la kubadilishana. Kebo ile ile na adapta ile ile zijaribiwe kwa kipakatalishi kingine chenye tundu la aina hiyo. Zikifanya kazi huko, kebo, adapta na monita zimeondolewa lawamani, na uchunguzi ujikite katika mashine ya kwanza. Zisipofanya kazi, adapta ibadilishwe kwanza, kisha kebo, kisha monita.

Nne, amri za kibodi. Katika Windows, kitufe chenye nembo ya dirisha kikibonyezwa pamoja na herufi P huleta machaguo manne: skrini ya kompyuta pekee, picha ile ile kwenye skrini zote mbili, kazi kutandazwa katika skrini mbili, au skrini ya nje pekee. Mashine iliyoachwa katika chaguo la kwanza haitatuma kitu nje hata kila kebo ikiwa nzima. Katika sehemu ya "Display" mna pia kitufe cha "Detect" kinachoilazimisha mashine itafute monita upya. Kwenye Mac, kitufe kama hicho hujitokeza katika mipangilio ya "Displays" mtumiaji anaposhikilia kitufe cha Option.

Tano, kuanza upya. Kubonyeza kwa pamoja nembo ya dirisha, Ctrl, Shift na B huiamsha upya sehemu ya Windows inayoshughulikia picha. Skrini hupepesa kwa nukta moja, na kazi iliyo wazi haipotei. Isiposaidia, mtumiaji achague "Restart" badala ya "Shut down". Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili mashine iwake haraka, na kasoro inaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Monita pia ichomolewe kutoka ukutani kwa dakika chache, kwani kubonyeza kitufe chake hakuikatizi umeme wote.

Sita, kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongoza chipu ya picha. Mtumiaji afungue "Device Manager" kisha sehemu ya "Display adapters". Akikuta maneno "Microsoft Basic Display Adapter", jibu limepatikana: kiendeshi halisi hakijawekwa. Hali hii hujiri sana katika mashine zilizotumika ambazo muuzaji amezifuta na kuzipa Windows upya bila kumaliza kazi. Skrini ya kipakatalishi huonekana sawa, lakini ya nje haitambuliwi. Kiendeshi kipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kipakatalishi, kwa kufuata jina kamili la modeli. Iwapo tatizo lilianza baada ya mfumo kujihuisha, mtumiaji arudi kwenye kiendeshi cha awali kupitia kitufe cha "Roll Back Driver".

Inapotambuliwa ila haionyeshi

Kuna wakati mashine inaiona monita lakini skrini inasalia giza au inatangaza "Out of Range". Maana yake ni kwamba picha inayotumwa imepita uwezo wa monita hiyo. Dawa ni kushusha kipimo. Projekta nyingi za zamani zina nukta 1024 kwa 768, na kasi ya mara 60 kwa sekunde huzifaa karibu zote.

Kwa upande mwingine, skrini mpya kabisa huweza kuzidi uwezo wa adapta. Adapta zilizofuata kanuni za HDMI 1.4 hazipitishi picha ya nukta 3840 kwa 2160 zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Mashine ikijaribu mara 60, skrini huenda ikazimika na kuwaka mara kwa mara.

Iwapo kila kitu kinaonekana isipokuwa filamu ya huduma ya kulipia, kasoro si ya vifaa. Filamu hizo hulindwa kwa mfumo wa HDCP, ambao hukataa kupitisha picha kwenye njia isiyo na ulinzi kama VGA. Madirisha mengine yataonekana sawasawa huku dirisha la filamu likisalia jeusi.

Kabla ya kumlipa fundi

Lipo jaribio moja la kuamua kama kasoro ni ya programu au ya mwili wa mashine. Mfumo wa Linux kama vile Ubuntu huweza kuanzishwa kutoka kwa diski ndogo ya USB bila kuwekwa ndani ya kipakatalishi wala kugusa faili za mwenyewe. Monita ikiwaka humo, tundu na chipu ni nzima, na kilichobaki ni kurekebisha Windows. Fundi anayedai malipo ya kubadilisha ubao mkuu baada ya jaribio kama hilo kufaulu anapaswa kujieleza.

Dalili za uharibifu wa kweli ni nyingine: tundu linalolegea, picha inayotokea kebo inapokandamizwa upande mmoja, au mashine kukataa monita tatu tofauti kwa kebo na adapta zilizothibitishwa kufanya kazi kwingine. Hapo fundi anahitajika. Hata hivyo, kubadilisha tundu lililolegea ni kazi tofauti na kubadilisha ubao mzima, na mwenye mashine aulize bei ya kila moja.

Anayekwenda kununua adapta, iwe katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi au mjini kwao, abebe kipakatalishi chake, na monita ikiwezekana. Akishindwa kuibeba monita, aipige picha sehemu ya nyuma ili tundu lionekane. Adapta ijaribiwe pale pale dukani na risiti ichukuliwe, pamoja na makubaliano ya kuirudisha iwapo itagoma kufanya kazi na monita iliyokusudiwa.

Walio na vikao muhimu, kama vile mitihani, mahojiano ya kazi au mawasilisho mbele ya bodi, wafanye jaribio siku moja kabla, katika ukumbi ule ule na kwa projekta ile ile. Nakala ya kazi iwekwe pia katika diski ya USB kwa muundo wa PDF, ili ikibidi ifunguliwe kwa mashine ya mwenyeji. Kinga ni bora kuliko tiba.